Skafu ya Kuazima

Siku niliyoapishwa kuwa skauti sikuwa na skafu yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 11. Shati la kaki lilikuwa la kaka yangu mkubwa, mikono imekunjwa mara tatu. Kaptura mama aliikata kutoka suruali kuukuu ya mtumba aliyoinunua Gikomba, akaishona kwa mkono usiku kucha. Skafu niliiazima kwa mwenzangu aliyeapishwa mwaka uliotangulia, kwa masharti mawili: niirudishe kabla ya kengele ya chakula cha mchana, na nisiipengie kamasi.

Mwalimu aliyetuongoza alikuwa ametangaza wazi: asiye na sare hana kiapo. Siku hiyo wenzetu wanne walirudi darasani wameinamisha vichwa, na kosa lao lilikuwa nguo. Sisi tuliobaki tulisimama mraba uwanjani, bendera ikapanda, tukainua vidole vitatu, tukaapa. Nilijiona mtu. Nilitembea kutoka shuleni hadi nyumbani kifua mbele, nikitamani mtaa mzima utoke nje unitazame.

Babu yangu alikuwa kwetu wiki hiyo, amekuja mjini kutibiwa macho. Mama alikuwa amepakua chakula. Nikasimama mlangoni, nikapiga saluti. Babu alinitazama, akaweka kijiko chini.

"Hiyo nguo toa kwanza," akasema, "ndio nile."

Nikamtazama mama. Mama akanitazama kwa jicho la kusema usibishane na mzee. Nikaenda nyuma ya pazia nikavua. Hakuna aliyenieleza kitu, nami sikuuliza. Mtoto wa nyumba yetu hakumuuliza mzee "kwa nini".

Wasomaji wenzangu, makala haya yameanzia pale nyuma ya pazia. Kwa miaka mingi nilibaki na swali moja: mzee aliona nini katika kaptura ile? Baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa sina kazi na nina muda mwingi kuliko nauli, nilianza kusoma historia ya sare hii, nishani zake na sherehe zake. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kaki ni vumbi

Tuanze na neno lenyewe. "Kaki" tumelipokea kutoka kwa Waingereza, nao walilitoa Bara Hindi, ambako kwa Kiurdu lina maana ya kitu chenye rangi ya vumbi. Katikati ya karne ya 19, majeshi ya Waingereza huko yalianza kuvaa rangi hiyo ili askari asionekane kwa urahisi. Kabla ya hapo Mwingereza alipigana akiwa amevaa koti jekundu kama jogoo. Kwa hiyo kaki ni nguo iliyozaliwa vitani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumficha mtu mwenye bunduki.

Aliyewavalisha watoto nguo hiyo ni Robert Baden-Powell, ambaye maskauti wote humwita kwa kifupi B-P. Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akaingia jeshi la wapanda farasi mwaka 1876 na kupelekwa India. Baadaye sehemu kubwa ya umaarufu wake aliipatia Afrika. Mwaka 1888 alikuwa katika nchi ya Wazulu, katika msafara wa kumsaka Dinuzulu. Mwishoni mwa 1895 na mwanzoni mwa 1896 alikuwa Kumasi, pale Waingereza walipomkamata Prempeh, mfalme wa Waashanti. Mwaka huohuo wa 1896 alikuwa Matabele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kupigana na watu waliokuwa wameinuka dhidi ya wazungu walionyang'anya ardhi yao na ng'ombe wao.

Huko Matabele ndiko alikojifunza mambo mengi ambayo baadaye aliwafundisha watoto: kusoma nyayo, kutembea usiku milimani, kulala bila moto. Huko ndiko alikovaa kofia ile pana ya ukingo, iliyotoka Marekani, ambayo imekuwa alama ya skauti dunia nzima. Na huko, Septemba 1896, mtemi aitwaye Uwini alikamatwa akiwa amejeruhiwa, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi. Aliyeidhinisha hukumu hiyo ni B-P. Wakubwa wake walifanya uchunguzi, haukumtia hatiani.

Kisha ikaja vita ya Waingereza na Makaburu. Kuanzia tarehe 13 Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, siku 217, B-P aliulinda mji wa Mafeking uliokuwa umezingirwa. Uingereza nzima ilishangilia mji ulipokombolewa, naye akarudi shujaa. Wakati wa mzingiro huo vijana wa kizungu wa mji ule walivalishwa kaki wakawa matarishi na walinzi. Kiongozi wao, kijana Warner Goodyear, alichorwa akiwa juu ya baiskeli kwenye stempu iliyotolewa humo humo mjini. B-P alipenda kuwataja vijana hao kama mfano.

Baada ya hapo aliunda polisi wa Afrika Kusini, wenye kofia pana na mavazi mepesi ya kazi. Alipoulizwa baadaye sare ya skauti ilitoka wapi, yeye mwenyewe aliwataja polisi hao.

Hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Kumbe macho ya babu yaliyokuja mjini kutibiwa hayakuwa mabovu. Mzee ambaye hakuwahi kusoma ukurasa mmoja wa habari za B-P aliitazama kaptura yangu akaona polisi.

Fisi aliyeitwa mbwamwitu

Kambi ya kwanza ya majaribio ilifanyika kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza, tarehe 1 hadi 8 Agosti 1907. Vijana walikuwa kama 20 hivi, baadhi watoto wa matajiri na baadhi watoto wa wafanyakazi. Sare kamili haikuwapo bado. Kila mmoja alifunga begani uzi wa rangi ya kikundi chake: bluu kwa mbwamwitu, kijani kwa fahali, manjano kwa ndege aitwaye sululu, nyekundu kwa kunguru. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala. Ndiyo, tandala wetu huyuhuyu wa Afrika. B-P aliipata pembe hiyo katika kampeni ya Matabele. Pembe iliyokuwa ikiwaita watu wa Matabele vitani sasa ikawaita watoto wa London wanywe uji.

Kitabu chake cha kuwafundisha vijana kilitoka mwaka 1908 vipande vipande, na vijana wakaanza kujikusanya wenyewe kabla hata ofisi hazijafunguliwa. Hapo ndipo sare, saluti, ahadi na beji vilipopata nguvu. B-P alikuwa na sababu yake, na kwa haki ya Mungu sababu hiyo ni nzuri: alisema sare huficha tofauti ya tajiri na maskini. Mtoto wa bwana na mtoto wa mtumishi wakivaa shati moja, nani atawatofautisha? Nilipoisoma hoja hiyo niliwakumbuka wale wenzetu wanne walioinamisha vichwa. Nguo iliyobuniwa ili ufukara usionekane, kwetu ndiyo iliyouanika hadharani.

Tuje kwenye nishani, maana skauti bila nishani ni kama harusi bila biriani. Kuna beji za ufundi, za kuogelea, kupika, kutoa huduma ya kwanza. Kuna beji ya ushujaa yenye jina la Jack Cornwell, skauti na mwanamaji wa miaka 16, ambaye katika vita vya majini vya Jutland mwaka 1916 alibaki kwenye mzinga wake akiwa na majeraha yaliyomuua, wenzake wote wameanguka. Beji ya jina lake ilianzishwa mwaka huohuo, kwa watoto waliovumilia hatari au mateso. Nawaambia ukweli, habari hiyo ilinitoa machozi, ingawa najua ni vita vilevile vilivyowamaliza wapagazi wetu wa Kariakoo.

Juu kabisa kuna Mbwamwitu wa Shaba, iliyoanzishwa mwaka 1935. Ni nishani ya pekee inayotolewa na kamati ya dunia ya maskauti, na wa kwanza kupewa alikuwa B-P mwenyewe. Mkenya Jeremiah Nyagah, aliyekuwa waziri katika serikali na kiongozi wa maskauti wetu, naye aliipata.

Mbwamwitu huyu ana kisa. B-P alipenda kusimulia kwamba Wamatabele walimpa jina la Impeesa, na kwamba maana yake ni mbwamwitu asiyelala. Sasa wewe msomaji wa Kiswahili, litamke neno hilo polepole. Kindebele na Kizulu ni impisi. Impisi, fisi. Ni neno letu, ndugu wa damu kabisa! Wamatabele walimwita fisi, yule azungukaye boma usiku akinusanusa. Mbwamwitu hata hakuwapo katika nchi yao. Pengine walimsifu kwa kutembea usiku, pengine walimtukana, pengine yote mawili, maana watu wetu hupenda jina lenye pande mbili. Lakini kwa Kiingereza fisi akageuka mbwamwitu, na mbwamwitu akapendeza. Lugha, jamani! Sisi tunaotaka kuandika riwaya tuogope sana watafsiri.

Shanga za nani?

Viongozi wa skauti waliohitimu mafunzo ya juu huvaa shingoni uzi wa ngozi wenye vipande viwili vidogo vya mti. Anayesaidia kuwafunza viongozi wengine huvaa vitatu, na mkufunzi kamili huvaa vinne. Utaratibu huu ulianza Septemba 1919 huko Gilwell Park, nje ya London, katika kozi ya kwanza ya viongozi. B-P hakutaka kuwapa cheti cha karatasi. Alifungua sanduku akatoa mkufu mrefu wa shanga za mti alioupata Zululand mwaka 1888, akaukata, akagawa.

Je, aliupataje? Masimulizi hayalingani. Kuna yanayosema ulikuwa wa Dinuzulu mwenyewe, kuna yanayosema aliukuta mahali watu walipokimbia. Jambo moja linajulikana: Wazulu huziita shanga hizo iziqu, na zilikuwa tuzo kwa shujaa aliyejipambanua vitani. Kwa maneno mengine, ilikuwa nishani. Watu wale walikuwa na sherehe zao na beji zao kabla hajaja mtu wa kuwafundisha sherehe na beji. Dinuzulu mwenyewe alipelekwa uhamishoni kisiwa cha St Helena mwaka 1890. Mwenye nchi akaenda baharini, shanga zikaenda Gilwell.

Ndivyo ilivyo pia kuhusu kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Hadithi iliyozoeleka ni kwamba huko Kumasi chifu mmoja wa Waashanti alimpa B-P mkono wa kushoto, akasema kwamba shujaa wa kweli huweka chini ngao, ambayo hushikwa kwa kushoto, ili kuonyesha kwamba anakuamini. Ni hadithi tamu, ina matoleo mengi, na sitaiapia. Ninachojua ni kwamba Prempeh hakubaki Kumasi kupeana mikono na mtu. Alitolewa kwao, akapitishwa Sierra Leone, na kuanzia 1900 akawekwa Shelisheli, huku kwetu Bahari ya Hindi. Alirudi nyumbani mwaka 1924.

Mimi mkono huo wa kushoto uliniletea balaa. Wiki ile niliyoapishwa nilimpa mama mmoja jirani mkono wa kushoto kwa fahari. Aliutazama kama nimempa panya aliyekufa. "Wewe, kwenu hawakukufundisha?" Nikamweleza ni salamu ya ushujaa kutoka Ghana. Akasema, "Basi mpelekee Mghana."

Waliovaa bila kualikwa

Ningekuwa mtu wa haraka ningeishia hapa, niseme sare hii ni ya wakoloni, tuichome. Baadhi ya wenzangu wa kijiweni ndivyo walivyoniambia. Lakini historia ina tabia mbaya ya kuendelea baada ya wewe kuamua.

Mwezi Septemba 1909 maskauti wa Uingereza walikusanyika kwenye jumba la Crystal Palace, London. B-P alipokuwa akikagua vijana wake alikuta kundi la wasichana, wamevaa kofia pana na kushika fimbo, wakasema wao nao ni maskauti. Hakuna aliyewaalika. Walisoma kitabu, wakashona nguo, wakaja. Mwaka uliofuata chama chao kikaanzishwa chini ya Agnes, dada yake B-P. Lakini wasingeitokea siku ile bila ruhusa, nani angewakumbuka?

Barani mwetu ikawa hivyohivyo. Skauti iliingia Kenya mwaka 1910, kwanza kwa watoto wa kizungu. Afrika Kusini wakubwa wa chama walikataa kuwachanganya watoto. Waafrika wakaundiwa chama cha pembeni, Pathfinder, yaani watafuta njia, mwaka 1922. Mwaka 1936 B-P alipotembelea huko, suluhisho likawa vyama vinne: Wazungu, Waafrika, Wahindi na Machotara, kila mmoja na chake. Na hapohapo ile sheria ya nne ya skauti inasema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine! Vyama hivyo viliunganishwa mwaka 1977, katikati ya ubaguzi wa rangi, kabla sheria za nchi yenyewe hazijabadilika.

Serikali za kikoloni ziliipenda skauti kwa sababu zilidhani ingewafanya vijana Waafrika wawe watiifu. Lakini vijana waliisoma ile sheria ya nne wakaichukua kama ilivyoandikwa. Walimu Waafrika wakaitumia kuuliza: kama sisi ni ndugu, mbona tunakula mbali? Katika makoloni kadhaa kulikuwa na vijana waliovaa skafu na kuunda vikundi bila kusajiliwa na mtu. Wakubwa waliwaita maskauti bandia, wakaudhika sana. Ukitafakari, kuudhika kwao ni ushahidi. Nguo ambayo mwenyewe anaogopa ivaliwe na mwingine ina nguvu ambayo yeye hawezi kuimiliki peke yake.

Kenya ilipopata uhuru, chama chetu kilijiunga na chama cha dunia mwaka 1964. Mwaka 1973 mkutano mkuu wa dunia wa maskauti ulifanyika Nairobi, na mwaka 2010 vijana wa mataifa mbalimbali walipiga kambi kwetu katika mkutano wa dunia wa maskauti vijana. Tumewapa vikundi vyetu majina yetu: Sungura kwa wadogo, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri. Wasichana wamo, hawasubiri mlangoni. Na matatu ikipinduka, au soko likishika moto, mara nyingi utawaona vijana wa skafu wakibeba machela. Damu inayolowa kwenye skafu ile haiulizi ilibuniwa na nani.

Kijana mwingine wa Mafeking

Kuna mtu mmoja sijamtaja, nami nimemhifadhi makusudi, maana ni mwenzetu. Ndani ya Mafeking, siku zile 217, alikuwamo kijana Mwafrika wa miaka 23, mkalimani wa mahakama. Jina lake Sol Plaatje. Mchana alitafsiri kesi, na pia aliwapigia chapa waandishi wa habari wa kizungu. Kwa muda wake mwenyewe aliandika shajara.

Katika hadithi ya shujaa tuliyosimuliwa kambini, Waafrika wa Mafeking hawapo. Lakini Wabarolong walikuwapo, wengi kuliko wazungu, katika mji wao ulioshikana na ule wa kizungu. Walibeba barua kupenya mistari ya adui. Walichimba mahandaki. Tarehe 12 Mei 1900 Makaburu walipopenya kupitia mji huo, Wabarolong walikuwa miongoni mwa waliowazunguka na kuwashinda. Mgao wao wa chakula ulikuwa mdogo kuliko wa wazungu, na wengi walikufa kwa njaa wakigombania supu ya farasi. Wanahistoria bado wanabishana B-P alibeba lawama kiasi gani. Kwamba njaa ilikuwapo, hilo halina ubishi.

Plaatje alikufa mwaka 1932. Alikuwa amekuwa mhariri, katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa ANC, na mwandishi wa riwaya. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1973, zaidi ya miaka 70 baada ya mzingiro. Fikirini: miaka yote hiyo daftari la kijana mmoja lilikuwa limetulia mahali, lina habari ya upande wa pili, huku dunia ikivaa kofia pana na kuimba habari za upande mmoja.

Mafeking ilitoa vitu viwili, wenzangu: sare na daftari. Sare tumeivaa sana.

Nyeri

B-P alimalizia maisha yake kwetu. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Nyumba hiyo akaiita Paxtu, kwa mchezo wa maneno juu ya nyumba yake ya Uingereza, Pax Hill. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, akielekea Mlima Kenya. Mkewe Olave alifariki mwaka 1977 na majivu yake yakaletwa hapo. Juu ya kaburi kuna alama ya duara yenye nukta katikati. Katika alama za njia za maskauti maana yake ni: nimekwenda nyumbani.

Kila tarehe 22 Februari, siku ya kuzaliwa kwake, maskauti hukusanyika Nyeri. Mwaka mmoja nilikwenda nao, sasa nikiwa na skafu yangu mwenyewe. Jioni nikapanda matatu kwenda kwa babu, maana nyumbani kwetu asili ni huko. Safari hii nilikuwa nimekua, nikathubutu kumuuliza ile siku ya kaptura.

Babu alikaa kimya kwa muda. Kisha akanieleza kwamba mwaka 1954 alikuwa na miaka kama kumi. Watu wa kijiji chao walitolewa kwenye mashamba na kusukumwa ndani ya kijiji kipya kilichozungushiwa handaki na seng'enge. Waliokuja kuchoma nyumba yao walivaa kaki.

"Mtoto akijificha chini ya kitanda anaona miguu," akasema. "Uso haoni. Wewe ulipoingia mlangoni na ile kaptura, mimi niliona miguu."

Nikamweleza nilikotoka, kaburi, duara, nukta. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na Kimathi?"

Dedan Kimathi alizaliwa Nyeri. Alikamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku nne baadaye, tarehe 22 Februari 1957, maskauti dunia nzima walisherehekea miaka 100 tangu kuzaliwa kwa B-P. Siku nne! Hakuna sherehe ya skauti niliyohudhuria ambapo tarehe hizo mbili zilitajwa pamoja. Familia ya Kimathi ilizunguka miaka na miaka ikitafuta mifupa yake. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe.

"Mzungu wenu ana duara," babu akasema. "Kimathi hata nukta hana."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Lakini mzee hakuniambia nivue skafu. Badala yake aliuliza, "Mliapa nini siku hiyo?" Nikamtajia kwa ufupi: kumcha Mungu, kuitumikia nchi, kumsaidia kila mtu wakati wote. Akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ni nzuri. Hiyo hata sisi tulikuwa nayo." Kisha akacheka meno yake machache yakaonekana. "Ungeapa tu bila kaptura."

Neno la mwisho

Wako watakaosema natonesha vidonda. Lakini chama hiki kimewahi kubadilisha alama zake kilipoona haya. Nishani yake ya shukrani ilikuwa na msalaba wa swastika, alama ya kale ya heri, mpaka Wanazi walipoichafua. Kufikia 1935 iliondolewa, na skauti haikufa. Kwa hiyo siombi miujiza. Naomba siku kiongozi anapovishwa zile shanga, mtu asimame kando ya moto aseme neno iziqu, aseme zilitoka kwa nani. Naomba tarehe 22 Februari iambiwe habari za tarehe 18. Naomba mtoto asirudishwe darasani kwa kukosa skafu, maana hata wale wa Brownsea walianza na kipande cha uzi begani.

Na sisi tunaoandika kwenye gazeti hili dogo, ambalo wengine hufungia maandazi, tusidharau daftari. Kijana wa mahakama ya Mafeking hakujua kama kuna atakayemsoma. Muulizeni babu yako, na wewe muulize bibi yako, kabla hawajaondoka na miguu waliyoiona. Mgala muue na haki yake mpe: mpeni B-P yake, mpeni Dinuzulu yake, mpeni mzee aliyejificha chini ya kitanda yake.

Skafu ile ya kuazima niliirudisha kabla ya kengele, safi, bila kamasi. Nilidhani nimemaliza deni. Kumbe nilirudisha kitambaa tu. Hadithi yake nimeanza kuilipa leo.